Kombe la Watani: Kufuli ya Mlango wa Nyuma

Hakikushika.

Haya, msomaji wangu, wewe uliyekaa wiki nzima roho mkononi, ndiyo habari yenyewe hiyo. Kichwa cha mpira hakikushika.

Tulimwacha Sajenti wa Mji wa Juu kapiga magoti kwenye tope la barabarani, mpira wa zimamoto kaukumbatia kama mtoto, anasukuma kile kichwa chake cha shaba kwenye bomba la maji la Mji wa Chini. Anazungusha, kinateleza. Anazungusha tena, kinateleza, kama mkono wa mtu asiyetaka kukusalimia.

Nyuma yake kiwanda cha magodoro kinaungua. Juu ya paa wamesimama washonaji, moshi umewafika kiunoni, na mmoja wao ni dada yake. Si dada wa kuitana tu njiani. Ni pacha wake, walikaa tumbo moja, ila yule alitangulia kutoka kidogo tu akajipa ukubwa mpaka leo.

"Zungusha kulia," dereva wake alimwambia.

"Nazungusha kulia tangu nianze kazi hii. Meno hayakamati."

Kivuli kirefu kikamwangukia. Alikuwa Bwana Ngazi, kamanda wa zimamoto wa Mji wa Chini, mtu mrefu kiasi kwamba hata akiinama bado anakutazama toka juu. Uso wote masizi, macho mekundu.

"Usijisumbue, binti yangu," alisema. "Mabomba yetu yanafunga kushoto."

"Kushoto? Nani duniani anafunga bomba kushoto?"

"Sisi. Na sababu ni ninyi."

Sasa, kwa yule ambaye gazeti la wiki zilizopita alifungiwa sabuni dukani, nimweleze upesi upesi, maana moto hausubiri.

Miji hii miwili, wa Juu na wa Chini, iko jimbo moja, inasikiliza redio moja, inagawana barabara moja. Na ni watani tangu babu zao. Wa Chini wakijenga mnara wa saa, wa Juu watajenga mrefu zaidi, hata kama saa yenyewe haisemi kweli. Wa Juu husema watu wa Chini wanatengeneza magodoro kwa sababu kulala ndiyo kazi pekee wanayoijua. Wa Chini nao hujibu kwamba wa Juu huoga na sweta.

Zimamoto ndio waliozidi. Kila mwaka wanashindana kupanda ngazi, kuunga mipira, kuvuta gari kwa kamba. Na katikati ya mwaka wanaibiana mipira ya maji. Ukiuiba mpira wa mwenzako, unautundika ukutani kwako, wageni waje wacheke.

Bwana Ngazi alipochoka kuibiwa, akaamuru kila bomba na kila kichwa cha mpira katika mji wake kikatwe meno upya, yafunge kushoto. Mpira ukiibwa, usimfae mwizi. Watu walicheka mpaka wakashika mbavu.

Leo mbavu zilishikwa na moshi.

"Basi nipeni mipira yenu," Sajenti alisema.

"Mipira yetu yote iko upande wa mbele, kwenye mapipa ya gundi. Nikiiondoa pale, mtaa mzima unalipuka, na dada yako humo humo."

"Na ya akiba?"

Bwana Ngazi alipangusa masizi usoni.

"Ya akiba imetundikwa ukutani kwenu, Sajenti. Nenda kaitungue."

Sajenti akakifuta tope kile kichwa cha shaba. Ukuta ule alikuwa akipita mbele yake kila asubuhi na kikombe cha chai mkononi. Mmoja wa mipira ile aliuiba mwenyewe, akapigiwa makofi.

"Ngazi yenu ndefu je?"

"Inaishia ghorofa ya nne."

"Jengo lina tano."

"Najua lina tano. Lilikuwa na nne. Mkajenga kiwanda chenu cha nyuzi cha ghorofa nne, na sisi tukaongeza moja ili tuwapite. Ngazi hakuna aliyekumbuka kuirefusha."

Madirisha ya ghorofa ya nne yalikuwa yanatema moto kama midomo ya tanuri. Hata ngazi ingefika, nani angepita hapo bila maji?

Maji yaliyokuwepo ni yale yaliyokuja tumboni mwa gari la Mji wa Juu. Dereva aligonga tangi kwa ngumi, likaitikia kama debe.

"Yamebaki ya kunawa," alisema.

Sajenti akainua macho. Pale juu, moshi ulipopasuka kidogo, alimwona. Huwezi kumpoteza pacha wako hata angesimama kati ya watu elfu. Wengine walikuwa wamechutama, wengine wanalia. Dada yake alikuwa amesimama wima, kashika kiuno, kama mtu anayegombana na mwenye duka juu ya bei.

Miaka ile alipoolewa huku, wa Juu walisema tumefungwa goli. Wa Chini wakasema mchezaji bora amehama timu. Yeye akacheka, akachukua kazi ya kusimamia chumba cha kushonea, akawa mtu wa Chini kweli kweli, mpaka akaanza kumuuliza mdogo wake kama ameshavua sweta.

"Lazima kuna kitu," Sajenti alisema, na hakujua anasema na nani. "Kitu cha kuunga kulia na kushoto. Kitu chochote."

Ndipo akaliacha bomba.

Dereva akaacha kugonga tangi. Bwana Ngazi akageuza shingo taratibu. Wote watatu walikuwa wamefikiria kitu kimoja, na kila mmoja alimwogopa mwenzake kukitaja.

"Kombe," Sajenti alisema.

Kombe la Watani, msomaji wangu, si kikombe cha fedha chenye masikio. Ni vichwa viwili vya mipira, kimoja cha Juu na kimoja cha Chini. Fundi wa kuchomea aliviunganisha mgongo kwa mgongo, akavisugua vikang'aa, akavisimamisha juu ya kitako cha mbao. Alipowakabidhi alisema, "Nimewafungisha ndoa, kazi ya kuachana ni yenu." Upande mmoja unafunga kulia, upande wa pili kushoto. Watu wamelipigania miaka yote hiyo bila mtu hata mmoja kufikiria kwamba lile ni chombo, na lina kazi.

Na si ndilo lililopotea? Mwezi uliopita lilitoweka kwenye kabati la kioo la kituo cha Chini. Wa Chini wakasema wameliiba wa Juu. Wa Juu wakaapa, wakakasirika, wakaandika mpaka gazetini. Utani ukaanza kuwa na ukakasi. Vijana wa miji hii miwili walishapigana mawe kwenye mechi.

"Mnalo ninyi," Bwana Ngazi alisema.

"Hatuna. Kamanda wangu aliapa mbele yetu sote."

"Basi muulize tena, yuko nyuma yako."

Kando ya gurudumu la gari alikuwa amesimama Mzee Filimbi, kamanda wa Mji wa Juu. Mfupi, mnene, filimbi shingoni, mtu ambaye mdomo wake haujawahi kukosa neno la kuwatania wa Chini hata msibani. Kumbuka pia kwamba amemwoa dada wa Bwana Ngazi, kwa hiyo hawa wawili ni mashemeji, na utani wao una ruhusa mbili, ya mji na ya ndoa.

Tangu wafike, Mzee Filimbi hakuwa ametania mtu. Sajenti alikuwa hajaliona hilo mpaka sasa.

"Mzee," alimwambia. "Kombe liko wapi?"

Mzee Filimbi alikuwa anaizungusha filimbi yake kwenye vidole.

"Liko hapa."

"Hapa wapi? Kwenye gari?"

"Hapa Chini. Halijatoka kamwe." Aliiachia filimbi. "Niliapa kwamba halipo Juu, na kweli halipo. Nililichukua siku ya ukaguzi. Lakini walinzi wako, shemeji, wanapekua gari langu kila nikitoka mji huu. Ningepita nalo wapi? Nikaona nilifiche huku huku, nije nilitoe siku ya mashindano mbele ya watu wenu wote. Mcheke na ninyi."

"Ukalificha wapi?" Sajenti aliuliza.

Mzee Filimbi akainua kidole. Alikinyoosha kwenye kiwanda kinachoungua.

"Chini ya ngazi za chuma za nyuma. Nikaufunga mlango, asije mtu akaliona."

"Ukaufunga na nini?"

Aliuliza, lakini alikuwa ameshajua.

"Na ile kufuli niliyoiazima kwako."

Niseme polepole hapa, hata kama nimewaahidi mbio. Miji hii ina desturi moja nzuri kuliko zote. Kila mwaka, kamanda wa mji mmoja huenda kukagua majengo ya mji wa pili, kwa sababu mtani haoni haya kukutafutia kosa. Ndugu yako atakuficha, mtani atakusema. Mzee Filimbi siku ile alikuja kukagua milango ya kutokea. Akaingia kazini akaondoka ameufunga mmoja.

Wale wa juu ya paa hawakuwa wapumbavu. Ngazi za mbele ziliposhika moto walikimbilia za nyuma, wakashuka mpaka chini, wakakuta mlango haufunguki, moshi ukawarudisha juu.

"Ufunguo," Bwana Ngazi alisema.

"Wangu uko kwenye msumari jikoni kwangu," alisema Mzee Filimbi.

Jikoni kwake ni Juu, saa nzima ya kupanda mlima.

Sajenti alikuwa ameshaingiza mkono kwenye kola ya koti lake. Shingoni alivaa kamba, na kwenye kamba kulikuwa na funguo mbili: wa nyumba yake, na wa akiba wa kufuli ya kabati lake. Kila Jumatatu alikuwa akimwambia kamanda wake, "Mzee, kufuli yangu," na mzee anajibu, "Kesho, mwanangu, kesho."

"Ninao," alisema.

Alitegemea Bwana Ngazi amnase shemeji yake kofi. Mtu yeyote angemnasa. Lakini Bwana Ngazi hakuinua mkono. Aligeuka akaanza kukimbia kuelekea uchochoro wa nyuma, na Sajenti akamfuata, na wakati anakimbia aliona kitu akakiweka kando, akiokote baadaye.

Kiwanda kile kina milango miwili ya nyuma. Mzee Filimbi hakusema ni upi, na Bwana Ngazi hakuuliza.

Uchochoro ulikuwa mwembamba na ukuta wake unapumua joto. Dereva alisogeza gari mdomoni mwa uchochoro akawamwagia yale maji ya kunawa yaliyobaki, wakaloa, na kabla hawajafika mlangoni nguo zilikuwa zinafuka mvuke.

Mlango ulikuwa wa chuma, rangi imevimba mapovu. Kufuli ilining'inia pale kama mgeni aliyekuja na hataki kuondoka.

Ndani mtu alikuwa anagonga.

Si kwa nguvu. Taratibu, kama unavyogonga mlango wa jirani usitake kumwamsha.

"Kuna mtu hapo," Sajenti alisema. Akashika kufuli, akaiachia kwa haraka, kiganja kimeungua kupitia glavu. Akaingiza ufunguo. Uliingia nusu ukakwama.

"Sukuma."

"Nasukuma, mzee. Moto umeibana."

"Basi uvunje."

"Ukivunjikia humo tumekwisha."

Kule ndani kugonga kukakoma.

Sajenti alivua helmeti yake, akaiinamisha kwenye mfereji wa pembeni, akaijaza yale maji meusi ya mtaro, akaimwagia kufuli. Ikalia kama mafuta kwenye kikaango. Akarudia. Akarudia tena, macho yanamchuruzika. Halafu akaushika ufunguo kwa ncha za vidole, akausukuma pole pole, kama anavyosukuma mtu ufunguo akirudi nyumbani amechelewa.

Uliingia wote. Ukazunguka.

Mlango ulipofunguka, mwanamke alimwangukia mikononi. Walimwita Mama Uzi, mshonaji mzee kuliko wote pale kiwandani. Magoti yalikuwa yamemshinda kurudi juu na wenzake, akabaki pale chini anagonga. Macho yake yalikuwa wazi lakini hayamwoni mtu.

Bwana Ngazi alimchukua akamlaza kwenye mkono mmoja kama nguo iliyofuliwa, na kwa mkono wa pili akapapasa chini ya ngazi, kwenye magunia ya mabaki ya pamba. Akatoa kitu kimefungwa kwenye koti kuukuu. Kilipong'aa, hata kwenye moshi ule, hukuhitaji kuambiwa.

"Peleka kwenye bomba," Sajenti alimwambia. "Mimi napanda."

"Subiri maji yaje kwanza."

"Wewe ungesubiri?"

Bwana Ngazi alishageuka. Alikimbia na Mama Uzi begani na kombe kwapani.

Sajenti alipanda zile ngazi za chuma kwa viganja na magoti, kitambaa kilicholowa puani. Chuma kilikuwa cha moto kama pasi. Alihesabu vituo vya kupumzikia kwa kupapasa, na kila alipofika kimoja alisikia moto upande wa pili wa ukuta unanguruma kama lori linalopanda mlima. Akasukuma kifuniko cha paa, akatokeza kichwa.

Dada yake alikuwa wa kwanza kumwona. Hakukimbia kumkumbatia. Alishika kiuno.

"Umechelewa."

"Shusheni watu. Ngazi za nyuma, sasa hivi."

"Tumeshashuka huko mara moja. Mlango umefungwa. Mama Uzi amebakia huko na mimi nimeshindwa kumbeba." Alikitazama kile kifuniko cha paa. "Siwarudishi watu kwenye shimo lile, mdogo wangu. Afadhali hapa, tunaonana."

"Uko wazi."

"Nani kasema?"

"Nimeufungua mimi. Nilikuwa na ufunguo."

Dada yake alimtazama. Watu wawili waliokua kitanda kimoja hawahitaji maneno mengi, na Sajenti aliliona swali linapita usoni mwake kama ndege anavyopita dirishani: ufunguo wa mlango wa kwetu, wewe mtu wa Juu, umeupata wapi?

Lakini paa lilitoa mlio chini ya miguu yao, na swali likawekwa akiba.

"Shikaneni nguo," dada yake alipaza sauti. "Mmoja nyuma ya mwenzake. Anayeachia nguo ya mwenzake leo, nitamkata mshahara akiwa ahera."

Mtu mmoja alicheka, msomaji wangu. Juu ya paa lile, mtu alicheka. Wakaanza kushuka.

Katikati ya ngazi, ukuta uliwaka mwekundu kama shavu la mlevi, na mstari ukasimama. Wa mbele hataki kwenda, wa nyuma wanasukuma. Sajenti alikuwa mbele kabisa, na kwa mara ya kwanza tangu asubuhi alifikiri: hapa ndipo tutakapoishia.

Ndipo ukuta ukapigwa kutoka nje.

Lilikuwa pigo la maji. Maji yenyewe, yana uzito, yanagonga matofali na kugeuka mvuke, yanapenya kwenye nyufa na kuwadondokea vichwani. Walisikia kelele za watu nje. Baadaye aliambiwa kwamba kile kitako cha mbao cha kombe kilivunjwa kwa shoka. Bwana Ngazi akafunga upande wa kushoto kwenye bomba, Mzee Filimbi akafunga upande wa kulia kwenye mpira, na mpira ulipofura na kuanza kupiga mieleka, vijana wa Juu na vijana wa Chini waliulalia pamoja, wale wale waliorushiana mawe. Wengine wanaapa walimsikia mmoja akisema, "Shika vizuri, wewe mwenye sweta." Na mwenzake akamjibu, "Amka kwanza."

Walitoka uchochoroni mmoja mmoja, weusi kama masufuria, wanakohoa. Watoto wakawarukia mama zao. Sajenti alisimama mlangoni anamgusa kila mtu bega. Wa mwisho alikuwa dada yake.

Alitoka polepole. Kwenye komeo la mlango alisimama, akanyoosha mkono, akaichomoa kufuli iliyokuwa imebaki inaning'inia. Akaifunika kwa ncha ya gauni lake, maana bado ilikuwa ya moto, na kwa mkono mwingine akaubamiza mlango ukafunga tena.

"Twende kwa watu," alisema.

Barabarani Mama Uzi alikuwa amelazwa kwenye machela. Muuguzi alikuwa amemwinamia, na hakuinua uso watu walipomuuliza. Machela ikaingizwa garini, gari likaondoka kwa mbio zinazokuambia jambo usilotaka kuambiwa.

Umati ulikuwa umejaa mpaka mlangoni kwa kinyozi. Furaha ilikuwa imeanza kupoa, na furaha ikipoa kidogo watu huanza kuuliza maswali.

Bwana Ngazi alimvuta Sajenti pembeni, kwenye mlango wa gari. Mzee Filimbi alikuwa nyuma yake, amejikunja kama gazeti la jana.

"Binti yangu," Bwana Ngazi alinong'ona, "tutasema mlango ulikwama kwa kutu."

"Kutu?"

"Kutu. Hawa watu wakijua ni mkono wa Juu uliofunga, leo hii kuna magari ya wauza mboga wa kwenu sokoni, yatachomwa na watu ndani. Tutayamaliza wenyewe, kishemeji."

Sajenti akaokota kile kitu alichokiweka kando.

"Mzee," alisema, "milango ya nyuma ni miwili. Ulijuaje ni upi?"

Bwana Ngazi alifunga macho.

"Niliiona kufuli siku ile ile ya ukaguzi," alisema. "Nilimfuata kwa nyuma, nikajua tu kaficha kitu. Nikaiacha. Nilitaka nimkamate mbele ya watu siku akija kuichukua. Nilishaandaa na maneno ya kumcheka. Leo sikuikumbuka mpaka alipoitaja."

Kwa hiyo walikuwa wawili, msomaji wangu. Mmoja alifunga, mwingine alipita akatabasamu. Mwezi mzima mlango wa watu ulifungwa, na kila mmoja wao alikuwa anasubiri zamu yake ya kucheka.

"Naombeni nafasi."

Ilikuwa sauti ya dada yake. Umati ulijigawa. Alikuja mpaka katikati, akafungua ncha ya gauni, akaiinua kufuli juu kila mtu aione.

"Mlango wa nyuma haukukwama," alisema. "Ulifungwa na hii. Wenzangu wamepiga mlango huo kwa ngumi mpaka zikatoka damu. Mama Uzi anakwenda huko hatujui kama atarudi. Nataka kujua ni nani."

 Bwana Ngazi alitazama buti zake. Mzee Filimbi aliishika filimbi.

"Mimi kufuli hii naijua," dada yake aliendelea, na sasa hakuwa anausemesha umati. "Ina alama ya msalaba chini yake. Niliikwaruza mwenyewe kwa msumari, tulipokuwa shule ya bweni, mimi na mdogo wangu, tuna sanduku moja. Sema, mdogo wangu. Uliniambia una ufunguo. Nipe. Au siku hizi na wewe ni mtu wa Juu tu?"

Sajenti alimtazama kamanda wake. Yule mzee alimpokea kazini akiwa binti asiyejua hata kukunja mpira, akamfundisha kila kitu. Alimpa nafasi aseme. Alimpa nafasi ndefu.

Mzee Filimbi alifungua mdomo. Akaufunga.

Basi Sajenti akaivua kamba shingoni. Alipiga hatua mpaka mbele ya dada yake, akaichukua kufuli, akaibana ikafunga, ili kila mtu asikie. Halafu akaingiza ufunguo, akauzungusha. Ikafunguka kwa urahisi, kama kitu kinachomjua mwenye nacho.

Alikuwa amekusudia kusema. Alikuwa ameshavuta pumzi aseme kila kitu, nani alifunga na nani alinyamaza.

Lakini umati haukusubiri maneno. Umati ulikuwa umeona sare ya Juu, na ufunguo wa Juu, na kufuli iliyotii. Nyuma kabisa mtu akaokota jiwe.

Na pale mbele, karibu kiasi cha kusikiana pumzi, pacha wake akarudi nyuma hatua moja, akashusha mikono toka kiunoni.

"Kumbe ni wewe," alisema.